Magoti Mawili na Jibu Moja

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, daktari alichomoa sindano ya mwisho kwenye goti la kushoto la mama yangu, nami nikaiandika saa hiyo kwenye daftari. Haikuwa siku ya matibabu. Ilikuwa siku ya majaribio.

Daktari huyo bingwa alikuwa amekuja Singida mjini kwa wiki moja, na mashine yake. Alitueleza kwamba gegedu la magoti limelika, mifupa inasuguana, na hilo halirudi. Lakini maumivu hupelekwa kwenye ubongo na neva nyembamba zinazopita kando ya goti. Ncha ya sindano ikiwekwa karibu na neva na kupashwa joto kwa mawimbi ya redio, kwa dakika moja na nusu hivi, neva hunyamaza miezi kadhaa, pengine mwaka, kisha huota tena. Kabla ya kuichoma hutiwa ganzi ya muda. Maumivu yakipungua kwa nusu au zaidi, kuchoma kuna maana. Yasipopungua, ni kazi bure.

"Asipumzike," alisema. "Afanye yale yanayomuumiza. Mna saa tano au sita kabla ganzi haijaisha."

Nikakodi gari mpaka Ilongero, nyumbani kwa mama, saa zisipotelee njiani.

Mama ana miaka sabini na kitu na anaishi peke yake katika nyumba aliyoijenga na marehemu baba. Mimi na wadogo zangu tulikuwa tumekubaliana kwamba magoti yakishindikana, atahamia kwangu mjini. Hakuulizwa, aliambiwa. Hakubishana. Alisema tu kwamba mjini hakuna pa kuanikia mtama.

Wiki moja kabla nilikuwa nimempima. Kutoka mlangoni hadi zizini, dakika nne na mapumziko mawili. Kwenye ngazi tatu za baraza, mguu wowote utangulie, lazima ashike nguzo.

Tulipofika, majirani wawili walikuwa wameshaketi barazani kumpa pole. Mama akaketi nao. Kwetu mgonjwa aliyetoka hospitali hukaa, wengine ndio huinuka. Saa nzima ikapita. Nikamwomba atembee.

"Mama wa watu kachomwa sindano asubuhi hii, wewe unamchezesha gwaride," jirani mmoja alisema.

"Mwacheni," mama alijibu. "Huyu karani wa magoti. Asipoandika hali chakula."

Wakacheka, naye akainuka. Alifika zizini kwa dakika mbili bila kupumzika. Alisimama akiitazama miguu yake kama mtu aliyeazimwa viatu. Kisha ngazi. Mguu wa kulia ukitangulia, alipanda mikono mitupu. Wa kushoto ukitangulia, mkono uliifuata nguzo. Tulirudia mara tano, na mara zote tano mkono uliifuata nguzo.

Saa tisa alasiri muuguzi alipiga simu kama alivyoahidi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Goti la kulia linaumaje, kati ya sifuri na kumi?"

"Sifuri, namshukuru Mungu."

"Na la kushoto?"

"Nalo sifuri. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, bibi." Akaaga.

Kwa jibu hilo, Jumatano wangechoma magoti yote mawili. Mwanzoni nilidhani ni adabu tu. Mtu mzima akiulizwa hali, hujibu njema hata akiwa kitandani, na pengine hospitali nzima huandika adabu ikidhani ni vipimo. Nilitaka kujua kama ni hivyo. Nikaenda alikokuwa akipeta mtama.

"Mama, mbona mguu wa kushoto ulihitaji nguzo?"

"Mkono una mazoea yake."

"Mbona kwa wa kulia hauna?"

Alipeta mara mbili tatu, akatua ungo. "Nikisema moja limekataa, si mtanihamisha?"

Nilifunga daftari. Kipimo tulikuwa tumekiharibu sisi, kabla sindano haijaingia. Tuliyemtaka aseme kweli tulikuwa tumemwandalia adhabu ya kuisema. Nikawapigia wadogo zangu mbele yake, simu ikiwa na sauti ya juu, nikawaambia mama asihamishwe. Mdogo wangu wa mwisho ndiye aliyegoma. Akauliza mama atawezaje kukaa pale na goti moja.

"Nimelima miaka kumi na mabovu mawili," mama akasema. "Moja zima kwangu ni nyongeza."

Wakakubali kwamba hahami, jibu liwe lolote. Ndipo akaniamuru nimpigie muuguzi.

"Mwanangu, lile la kushoto nilikudanganya. Ni saba."

"Wengi hunidanganya, bibi," muuguzi alisema. "Wanaopiga simu tena ni wachache."

Jumatano daktari alichoma la kulia peke yake. La kushoto, alisema, huenda maumivu yake yanatoka kwenye nyonga, na akaandika picha ipigwe. Mama alisema wakati wa kuchomwa alihisi kama mdudu akitembea ndani ya mfupa, basi.

Huu ni mwezi wa nne. Hadi zizini ni dakika mbili na nusu, fimbo mkono wa kulia ili kuusaidia mguu wa kushoto. Mtama wake umeanikwa uani kwake. Malipo yalikuwa kwa kila goti, na kwa lile ambalo halikuchomwa tulibaki na shilingi laki sita na nusu.