Msuli wa Kigoma

Wanaomjua Théophile pale kijijini Wamaza watakuambia kuwa ni mtu wa mpunga na wa kunyamaza. Aliishia darasa la sita, na tangu siku zile hajapenda kusimama mbele ya watu. Kwa hiyo mkewe Aicha alipomwambia kuwa safari hii ni lazima aende mjini Kasongo yeye mwenyewe, alijificha shambani siku tatu.

Ombi lilikuwa moja tu. Binti yao Grâce alikuwa amemaliza shule ya msingi, nao walitaka akae kwa babu yake Kasongo aendelee na masomo. Mzee Djuma, baba yake Aicha, alikuwa amewajibu kwa simu: "Baba yake akuje. Mutoto haombewi nyumba na simu."

Huyo mzee ndiye aliyemtoa binti yake shingo upande, miaka kumi na minne iliyopita. Kumpa Mkristo ni jambo moja, alisema, lakini watu wa porini hawajui adabu ya ukweni.

Aicha alimfundisha mumewe kama anavyofundishwa mtoto. Siku ya Idi, kwao mwanamume haketi mkekani na suruali, anajifunga msuli kiunoni. Mama mkwe hatazamwi usoni. Huli mbele yake, wala huvai kitu kilichogusa mwili wake. Théophile akaazima msuli wa jirani, wa buluu wenye mistari myeupe, akajizoeza kuufunga nyuma ya ghala mpaka ulipoacha kumteleza.

Alifika Kasongo siku ya Idi ya kuchinja, wanaume wakiwa wamesharudi kutoka msikitini. Alikuwa tope kutoka kichwani mpaka miguuni. Pikipiki ilikuwa imeteleza kwenye daraja la magogo, wakaangukia mtoni yeye, dereva na mfuko wake. Abdoul, shemeji yake, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, umekuja konji ya Idi ao umekuja kuvua samaki?"

Wakamwonyesha bafu la nyuma, uzio wa majani usio na paa. Suruali ikaenda kulowekwa, na msuli wake ukasuuzwa na kuanikwa kwenye kamba iliyopita juu ya uzio. Alioga taratibu, akangoja jua la kiangazi lifanye kazi yake. Kisha akanyoosha mkono, akapapasa kamba. Nguo ilikuwa kavu, ya buluu, na mistari yake myeupe. Ilinukia karafuu kidogo. Akadhani ni sabuni ya watu wa mjini. Akaifunga kama alivyojizoeza, akatoka kifua mbele, jambo ambalo si kawaida yake.

Mkekani walikuwa wanaume saba na sinia mbili za wali na mbuzi. Mzee Djuma alikuwa ameshainua mkono kumwonyesha mahali pa kuketi. Mkono ukabaki hewani. Aliyekuwa anatafuna akaacha.

Abdoul akainuka, akamsogelea sikioni. Safari hii hakucheka.

"Shemeji, hii nguo umeitoa wapi?"

"Ku kamba."

"Iko ya mama."

Ilikuwa msuli kweli, nguo ya mwanamume. Kaka yake mama mkwe aliileta kutoka Kigoma, na alipokufa dada yake akairithi. Mwaka mzima ililala sandukuni na karafuu. Kila asubuhi ya Idi aliitoa ipate hewa, na kila jioni yake aliifunga juu ya gauni kwenda kuwasalimu majirani. Mtaa mzima uliijua. Mgeni peke yake ndiye asiyeijua.

Théophile alisimama. Kuivua, angebaki uchi mbele ya baba mkwe. Kubaki nayo, kila pumzi ilikuwa kosa jipya. Kurudi bafuni kulimpasa apite tena mlangoni pa jiko, na jikoni ndimo alimokuwa mwenye nguo. Akamkumbuka Grâce, alivyomfungia mfuko wa safari, akifunga fundo mara mbili.

"Nilisema nini mimi?" Mzee Djuma aliwaambia wenzake, si yeye. "Miaka kumi na ine. Nilisema nini?"

Hapo sauti ikatoka jikoni, nyuma ya pazia. Haikumsemesha Théophile, maana haikuwa halali kumsemesha.

"Abdoul. Ambia wageni chakula inapoa. Na hiyo nguo nilimupa Aicha siku alikuja kumuzika mujomba wake, akaisahau. Iko yake. Mutu kuvaa nguo ya bibi yake, kuna neno gani?"

Wote walikuwa wamepita chini ya kamba ile asubuhi, na wote walijua nguo ile ilianikwa na nani. Mzee Djuma alitazama pazia, kisha akaonyesha mkeka.

"Basi," akasema. "Kama iko ya Aicha. Keti, mukwe."

Akaketi. Wali ulikuwa kama mchanga kinywani. Kabla hawajanawa, mzee alisema Grâce aje mwezi wa tisa, na Théophile akashukuru akiwa anatazama magoti yake, na magoti yamefunikwa na ile buluu.

Jioni wanawake walitoka kwenda kusalimu. Théophile aliinamisha macho kama alivyofundishwa, ndiyo maana hakuona uso wa mama mkwe. Aliona miguu ya mtu mzima, na juu yake pindo la kitenge cha jikoni, kimechakaa mpaka maua yake hayajulikani.

Kule Wamaza, Aicha aliitambua nguo kabla mumewe hajashuka pikipiki.

"Mama amekupa?"

"Hapana," alisema Théophile. "Nimemunyanganya."

Grâce sasa yuko mwaka wa tatu kwa babu yake. Kila akirudi likizo, baba yake humwuliza kwanza habari za masomo, halafu, kana kwamba ni neno dogo, humwuliza nyanya yake alivaa nini siku ya Idi.

"Kitenge tu, papa," mtoto hujibu. Naye baba huondoka kwenda kuangalia mpunga, hata kama hauna haja ya kuangaliwa.