Maswali ya Haja Ndogo Pale Kuze

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye zahanati ndogo ya Kuze, mtaa wa mji wa kale kisiwani kwetu, nilifika na sare iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Nilidhani nitakabidhiwa sindano. Sista Mkuu, aliyesimamia wauguzi wote pale, akanipa karatasi.

"Hili ni dodoso," akasema. "Kazi yako ni kuuliza, kisha kunyamaza usikilize."

Lilikuwa dodoso la maambukizi ya njia ya mkojo kwa wanawake. Haja ndogo inakuita kila mara? Inakubana ghafla? Ukienda, unaungua? Umeona damu? Kwa kila dalili mgonjwa huchagua: hakuna, kidogo, kiasi au sana. Huulizwa pia juu ya homa na maumivu ya mgongo, maana hapo tunachelea kuwa ugonjwa umepanda kwenye figo. Mkojo tuliupima vilevile, lakini majibu ndiyo yaliyotuonyesha pa kuanzia, na baada ya dawa tuliuliza tena tujue kama amepata nafuu. Niliyapenda maswali yale, nayo yakanilisha miaka yote.

Asubuhi moja akaja Zulfa, bibi harusi aliyekuwa bado kwenye fungate, zile siku za mwanzo za ndoa ambazo hatoki nyumbani. Ukimwona zahanati ujue pana jambo. Aliletwa na mama mkwe wake. Tukasalimiana kwa urefu kama ipasavyo, kisha nikaanza kuuliza. Kila swali alilijibu mama mkwe.

"Hana neno, mwanangu. Ni joto la kukaa ndani."

"Na mgongo, Bi?"

"Mwari wa juzi huyu, mgongo autoe wapi?"

Zulfa akatazama sakafu na kutikisa kichwa kukubaliana naye. Karatasi yote ikajaa "hakuna", na macho yake yamewiva kwa homa. Nilielewa anachoogopa. Akisema anaungua huko chini, siku chache baada ya kuolewa, watasema amekuja na ugonjwa kutoka kwao. Nilimwonea huruma, na sikujua la kufanya. Nikamwita Sista Mkuu. Akaisoma karatasi, akamgeukia mama mkwe.

"Bi, somo yake ni nani?"

Somo, kwa vijana msiojua, ni mwanamke anayemfunda mwari mambo ya unyumba na kumhudumia siku za fungate. Mbele yake hakuna la kuficha. Mama mkwe alikunja uso, lakini ni mila yake mwenyewe, angeikataaje? Somo akaitwa kutoka mtaa wa pili, mama mkwe akaombwa apumzike barazani kwa kahawa, na maswali yaleyale yakaanza upya.

"Sema, mwanangu. Ni mimi," somo akamwambia.

Zulfa akasema "sana", kisha "sana" tena, akalia. Mgongo ulimuuma na mwili ulimtetemeka. Mkojo ukapimwa, daktari akampeleka hospitali siku ileile, na figo zikasalimika. Kwa ruhusa ya Zulfa, Sista Mkuu alimweleza mama mkwe polepole: "Haya huwapata wanawake wengi, Bi. Hata fungate yenyewe huyaleta. Hakuja nayo kutoka kwao." Mama mkwe akauliza kama mgonjwa aruhusiwa uji.

Tangu hapo Sista Mkuu aliamuru swali letu la kwanza liwe: "Nani akae nawe?" Nikahamia nalo Tononoka, ambako msimamizi wa kliniki alinung'unika kuwa linapoteza muda, mpaka naye akalizoea. Nikaenda nalo Tudor, nikawafundisha wauguzi wapya hadi nikastaafu.

Majuzi haja ndogo ikaanza kunisumbua mimi mwenyewe. Mke wa mwanangu akanipeleka zahanati ya Tudor, na muuguzi kijana asiyenijua akavuta kiti karibu.

"Shikamoo, mama. Nani akae nawe?"

Mimi niliyewauliza wanawake wa kisiwa kizima nikaona haya. Nampenda mkwe wangu, lakini nilimwomba atoke kidogo. Muuguzi akafunga mlango, akangoja nitulie. Moyoni nikamwombea dua Sista Mkuu, marehemu sasa.

"Ukienda, unaungua, mama?"

"Sana, mwanangu," nikasema.