Mbwa asiyeitika "njoo"

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Mabanda anafungua kufuli la banda namba tisa bila kusema neno. Siku nyingine huongea na mbwa tangu getini hadi ofisini, mpaka mlinzi humtania kwamba iko siku watamjibu. Anamvisha Nusu mkanda wa shingoni.

Nusu ni mbwa dume wa rangi ya udongo. Sikio lake la kushoto limebaki nusu, ndiyo asili ya jina. Leo anatimiza siku ya arobaini na tano katika kituo hiki kinachookoa mbwa waliotupwa, na kwa kanuni ya kituo, siku hiyo mbwa hupimwa. Daktari wa mifugo husimama hatua kumi mbele yake na kumwita. Akija na kukubali kushikwa mgongo, hutafutiwa nyumba. Akikataa mara tatu, hudungwa sindano asubuhi hiyohiyo, na haamki tena.

Uani pana meza, na juu yake sinia lililofunikwa kitambaa cha kijani. Hakuna mfanyakazi anayeuliza kilichomo.

"Hata chai imenishinda leo," anasema Mama Mabanda. "Maana huyu akifa, nimemuua mimi."

Hatii chumvi. Mlangoni mwa banda namba tisa inaning'inia kadi ya Nusu, na juu yake yapo maneno manne kwa mwandiko wa duara: "Mkali. Haitiki. Asikaribiwe kabisa." Mwandiko ni wake.

Ana umri wa miaka hamsini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia hapa. Alianza kama mfagiaji. Sasa ndiye mtunzaji mkuu wa mabanda thelathini na mawili. Mkono wake una alama za nyuzi kumi na moja alizoshonwa baada ya kung'atwa, na huwaonyesha wageni hata kabla hawajauliza. Mbwa anawajua, na hapo ndipo alipoteleza.

Nusu aliletwa akiwa na kidonda cha mnyororo shingoni. Mama Mabanda akafanya alichowafanyia mbwa wengine wote: akachuchumaa, akanyoosha kiganja chenye chakula, akabembeleza, "Njoo baba, njoo." Nusu akajibana ukutani na kutoa meno. Ikawa hivyo kila siku, wiki mbili.

"Nikasema huyu kashindikana," anakumbuka. "Nikachukua kalamu."

Aliyemzindua ni mjukuu wake wa miaka saba. Mama wa mtoto huyo alipata kazi mji wa mbali, akamwacha kwa bibi. Akitoka shule hupitia kituoni na kukaa ofisini hadi zamu ya bibi iishe. Kuvuka mlango wa ofisi kwenda mabandani ni marufuku kwa watoto wa chini ya miaka kumi na miwili. Tangazo lenyewe lipo ukutani, na aliyelibandika ni Mama Mabanda.

Lakini mtoto alikuwa mpweke. Kwenye nyumba wanayopanga, wenzake walikuwa wamemtoa katika mchezo wa kujificha.

"Hajui kujificha huyu," bibi yake anaeleza. "Akishachuchumaa tu, anacheka. Anakamatwa wa kwanza kila siku. Wenzake wakachoka."

Alasiri moja, Mama Mabanda akiosha masufuria ya mbwa, alisikia sauti anayoijua ikitoka upande wa banda namba tisa. "Bado! Bado! Tayari!" Kisha kicheko. Alikimbia, roho mkononi, sufuria akalitupa njiani.

Alimkuta mjukuu wake nyuma ya pipa la maji lililopo uani, amejiziba mdomo kwa viganja viwili na bado anacheka. Ndani ya wavu, Nusu alikuwa akikimbia huku na huku, pua chini, akitafuta. Alipofika mkabala na pipa alisimama. Mkia ulikuwa unatikisika kwa mara ya kwanza tangu aletwe.

"Nilikuja kumchapa mtoto. Nikajikuta nimekaa chini, nalia," anasema. "Ndipo nikaelewa. Mtoto hakumwita njoo hata mara moja. Aliyekuwa naye zamani lazima alikuwa akimwita njoo, akienda anakula kipigo. Na mimi kutwa nzima njoo, njoo! Namtishia mwenzangu nikidhani nambembeleza."

Tangu siku hiyo mchezo uliendelea kwa siri, nusu saa kila alasiri. Wiki ya pili mtoto alicheza ndani ya banda, bibi amesimama mlangoni na ufagio mkononi. Kadi hakuifuta. Angeifuta, angeulizwa amejuaje, na kibarua kingeota nyasi. Alijipa moyo kwamba Nusu angelizoea neno "njoo" kabla ya siku yake kufika. Hakulizoea.

Saa mbili kamili, uani. Msimamizi wa kituo ameshika daftari. Daktari, mwanamume mrefu mwenye koti jeupe, anavaa glavu, anahesabu hatua kumi na kugeuka.

"Njoo!"

Nusu analala kifudifudi, meno nje, anaunguruma.

"Moja," anasema msimamizi, na kuandika.

Mama Mabanda anapiga hatua mbele.

"Bosi, naomba niseme. Huyu mbwa haitwi njoo. Mjukuu wangu amecheza naye wiki tatu, mpaka ndani ya banda. Kanuni nimevunja, najua, utaniadhibu. Lakini haitwi njoo."

"Mjukuu? Bandani?" Sauti ya msimamizi inapanda. "Wewe, mama, uliyebandika tangazo?"

"Mimi huyo huyo."

Daktari anaingilia kati. "Sasa anaitwaje?"

"Haitwi. Anatafuta. Daktari, jifiche."

"Nijifiche?"

"Nyuma ya pipa lile la maji. Sema bado, bado, halafu tayari."

Daktari anamtazama msimamizi, anatazama sinia, kisha anakunja magoti yake marefu nyuma ya pipa. Koti jeupe linachungulia pande zote mbili.

"Bado... Bado... Tayari!"

Sikio zima la Nusu linasimama. Anainuka. Anakwenda hatua nne, anasimama, anageuza kichwa kama anayesubiri kitu. Hakipati. Anarudi alikotoka, mkia katikati ya miguu.

"Mbili," anasema msimamizi, safari hii kwa sauti ya chini.

Mama Mabanda ameshika kichwa. Ghafla anapiga kelele, "Cheka, daktari!"

"Nini?"

"Mtoto hucheka! Cheka baba, nakuomba!"

Nyuma ya pipa kinasikika kikohozi. Kisha, "He." Kisha, "He he," kicheko kikavu cha mtu anayelazimishwa. Getini, mlinzi anashindwa kujizuia, anaangua kicheko. Daktari anajisikia mwenyewe, naye anacheka kwelikweli.

Nusu anatimua mbio. Anazunguka pipa na kumtia daktari pua kwapani. Mkono wenye glavu unashuka polepole, unatua mgongoni, unabaki hapo.

"Nimekamatwa," anasema daktari.

Msimamizi anaandika kwa muda mrefu. Kisha anabeba sinia mwenyewe na kulirudisha stoo. Anaporudi anamwambia Mama Mabanda kwamba barua ya onyo ataipata kabla ya saa sita, na ile kadi aiandike upya.

Anaiandika palepale: "Usimwite. Jifiche, cheka."

Nje ya geti, mjukuu wake yupo amevaa sare za shule aliyogoma kwenda leo, uso ameuelekeza ukutani kama bibi alivyomwagiza, asije akaona.

"Bibi, wamemdunga?"

"Hawajamdunga."

Mtoto hacheki. Anamkumbatia bibi yake kiunoni na kulia kwa sauti, na bibi naye anamwaga machozi aliyoyabana tangu alfajiri.

Nusu atakaa kituoni siku saba zaidi kusubiri wa kumchukua, na jina la kwanza kwenye orodha ni la Mama Mabanda. Kikwazo ni mwenye nyumba wake, mzee asiyetaka hata kuku uani.

"Jumapili nampeleka Nusu kwake," anasema, akijifuta kwa ncha ya kanga. "Sina maneno mengi. Nitamwambia, mzee wangu, ingia nyuma ya mlango wako, useme tayari."

"Na acheke," anasema mjukuu.

"Hapo ndipo penye kazi. Miaka sita nimepanga kwake, jino lake sijaliona."

Mtoto anafikiri kidogo, kamasi bado zinamtoka.

"Mimi nitajificha naye," anasema.