Maumivu ya jiwe la figo: dawa nilizopewa na watu watatu, na ipi ilinifaa

Wakuu, marahaba kabla hamjaniamkia. Najua humu wengi ni umri wa wanangu, na wengine wajukuu kabisa.

Mie ni mama wa Mbagala, miaka sabini na mbili. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona herufi imeruka, vumilieni. Haya yamepita ndani ya mwili wangu mwenyewe, siyo ya kuambiwa. Na wote nitakaowataja nimewaomba ruhusa, wakacheka, wakasema andika.

Nimeona humu watu wanabishana dawa ipi ni kiboko ya maumivu ya mawe kwenye figo. Huyu anasifia ya njano, yule anasema nyekundu haina mpinzani. Nikasema hapana, hapa nina la kusema.

Ilianza Jumamosi asubuhi, jumuiya. Siku hiyo tulisali kwa Felista, mke wa Mzee Temba.

Tumefika kwenye kuombea wagonjwa, nikasikia kitu kimenishika ubavu wa kushoto, chini ya mbavu, kama mtu anakamua nguo. Kikateremka mpaka kwenye kinena. Kikaachia. Nikashukuru Mungu. Hata amina haijaisha, kikarudi.

Nimezaa watoto sita. Uchungu wa uzazi unajua unakwenda wapi. Huu ulikuwa hauendi popote, na hauna mkao: ukikaa unauma, ukisimama unauma, ukilala ndiyo kabisa. Nikatoka nje nikatapika kwenye mchicha wa watu.

Felista akanifuata na pochi yake. Nyie mnaosali jumuiya mnajua, pochi ya mama wa umri wetu ina rozari, leso na dawa ya miguu. Akatoa kidonge cha pinki.

"Meza hii, Mama Neema. Mie magoti yakigoma, hii ndiyo inanifikisha kanisani."

Nikameza. Kama nusu saa hivi yakapoa, nikaweza kutembea hadi nyumbani. Nikajisemea, ya Felista nzuri ila haina nguvu.

Saa tatu yakarudi. Jirani yangu Bi Salma, mwenye duka la vyombo, akanisikia naguna ukutani. Mie na Bi Salma tuna miaka thelathini na kitu, nyumba ubavu kwa ubavu. Akanikuta nimepiga magoti, kichwa kiko kitandani.

"Kuna dawa umemeza?"

"Kanipa Felista."

"Felista naye! Hizo ndizo dawa? Shika hii, kaniletea mwanangu Nasra. Ukimeza hii utasahau hata ulikuwa unaumwa wapi."

Ilikuwa ya njano. Na kweli ilinishika, nikapata usingizi wa saa nzima. Nikajisemea, basi kiboko ni ya Bi Salma.

Nilipoamka nikamkuta Mzee Temba kaja kunijulia hali. Akasema hilo ni jiwe, na jiwe linatolewa kwa bia mbili za baridi.

Bi Salma akamjibu, "Ingekuwa hivyo, wewe usingekuwa hata na punje ya mchanga mwilini."

Nikacheka huku nimeshika ubavu.

Adhuhuri yakarudi tena, na kutapika kumezidi, hata maji hayakai. Nikajikokota mpaka duka la dawa la pale kona, nikamwambia muuzaji, anaitwa Yusta, nipe kali kuliko zote. Akanipa za kijani mbili. Hakuuliza nimemeza nini, na mie sikusema. Nilimeza zote.

Alasiri mwanangu Neema akafika kutoka Kimara, akanipeleka zahanati. Muuguzi akaniuliza vizuri tu, kwa heshima:

"Bibi, leo umemeza dawa yoyote ya maumivu?"

Nikasema hapana.

Wakubwa wenzangu mnajua kwa nini. Sie tumezoea kugombezwa, ukisema ulijitibu nyumbani unaonekana mjinga. Halafu niliogopa, nikisema nimemeza, wataninyima sindano.

Nikachomwa. Ndani ya dakika ishirini maumivu yalikatika, nikaomba uji. Kwa hesabu yangu ya siku ile, sindano ya kwanza, Bi Salma wa pili, Yusta wa tatu, Felista mkia.

Jumapili sikuumwa. Ila mkojo nilikwenda mara moja tu tangu asubuhi mpaka jioni, kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Viatu vikagoma kuingia. Nikasema uzee huo.

Jumatatu Neema alipita kuniangalia. "Mama, mbona macho yamevimba hivyo?" Hakusubiri jibu, tukaenda hospitali kubwa.

Daktari aliyenipokea ni kijana, anaitwa Elia, mtoto wa Anna, wa Singida. Nilimuuliza. Nikapigwa ultrasaundi, nikatolewa damu. Majibu yalipotoka akavuta kiti akakaa karibu.

"Bibi, jiwe unalo, liko kushoto, dogo, linashuka. Hilo halinitishi. Kinachonitisha, figo zote mbili zimepunguza kazi. Jiwe moja, upande mmoja, haliwezi kuangusha figo mbili. Umekunywa nini?"

Neema akamjibu, "Hajameza kitu, daktari. Ni ile sindano tu."

Mie nikajifunga kanga upya.

"Sawa," akasema. "Basi tutakulaza tuangalie. Lakini mkojo usipofunguka mpaka keshokutwa, itabidi tuzungumze habari ya mashine ya kusafisha damu."

Neema akageuka ukutani. Nikaona mabega yake yanatikisika.

Hapo ndipo nikasema. "Nilimeza ya Felista, ya Bi Salma na ya Yusta."

"Ni dawa gani hizo, bibi?"

"Ya Felista pinki, ya Bi Salma njano, za Yusta kijani, mbili."

"Majina yake?"

Jamani. Mie nakumbuka majina ya wote niliosoma nao darasa la kwanza. Mkunga aliyenizalisha mtoto wa tatu anaitwa Tabitha. Lakini jina la kitu nilichoweka kinywani juzi yake, sikulijua hata moja. Sijawahigi kuuliza.

Neema akapiga simu, akaweka sauti ya nje. Felista akasoma jina kubwa la kwenye paketi. Elia akamwambia, "Siyo hilo mama, hilo ni la kampuni. Chini yake kuna maandishi madogo." Felista akayasoma herufi mojamoja, kwa kupaza sauti kama yuko shambani.

Bi Salma akatafuta miwani kwanza. "Madogo yapi, mwanangu? Yote madogo haya!" Yusta naye akasoma.

Elia alikuwa anaandika kwenye karatasi. Akamalizia kwa kuipigia zahanati kuuliza kuhusu sindano, kisha akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe.

Diklofenaki. Diklofenaki na panado humohumo. Diklofenaki. Diklofenaki.

Siku nzima nilikuwa nalinganisha kitu kimoja kilichobadilisha nguo. Ya Bi Salma haikuwa kali kuliko ya Felista, ilikuwa inaikuta ya Felista bado imo ndani.

Elia hakunigombeza. Alisema dawa hiyo si mbaya, kwa maumivu ya jiwe ni miongoni mwa zile wanazoanza nazo, kwa mtu mwenye figo nzima na kwa kipimo chake. Mie nilikuwa nimerudia dozi mara kwa mara, maji mwilini yamekwisha kwa kutapika, na ni mzee mwenye presha.

Sasa nirudi kwenye ubishi wenu wa humu.

Wodini maumivu yalirudi. Wakanitundikia dripu ya panado. Nilidharau, nikamwambia muuguzi Grace, "Maumivu haya na panado wapi na wapi?" Akasema, "Bibi, ya mshipani hii, subiri kwanza." Nikasubiri. Yalishuka mpaka pa kuvumilika, na kichwa changu kiko sawasawa.

Yalipozidi wakaniongezea tramado, kwa kipimo kidogo. Hiyo inatuliza, sikatai, ila niliona dari inaniinamia, na kichefuchefu kikazidi. Mwingine huenda isimsumbue. Kwa mwili wangu, dripu ya panado ndiyo iliyonifaa.

Felista na Bi Salma walikuja kunitazama pamoja. Felista alilia. "Nilitaka kukuua, Mama Neema."

Nikamwambia, "Wewe ulinipa kimoja kwa huruma. Aliyesema hapana kwa muuguzi ni mie."

Bi Salma, ambaye huwaga hakosi neno, siku hiyo alikuwa ananikunjia shuka tu.

Mashine sikufika. Siku ya tatu mkojo ulifunguka, Grace akaupima kwenye jagi, akamwita Neema aje aone, utadhani ni maziwa. Siku ya tano jiwe likatoka, dogo kama punje ya ulezi.

Kliniki ya juzi Elia ameniambia figo zimerudi, lakini siyo zote kama zamani. Zinanitosha nikizitunza. Diklofenaki na ndugu zake sigusi tena mpaka naingia kaburini, hata magoti yaume vipi.

Nilichojifunza, muuguzi akikuuliza umemeza nini, sema. Kugombezwa kunaisha palepale. Na ukipewa dawa na mtu anayekupenda, mshukuru, halafu muulize inaitwaje.

Haya, waliowahi kuumwa mawe waje. Hospitali walikupa nini, kilikutuliza baada ya muda gani, na mwenye presha au figo mbovu yeye alipewa nini? Nasoma zote, pole pole.

Ila nawaomba, andikeni lile jina la maandishi madogo. Rangi msiniandikie.