"Mimi si ukuta": Mfagiaji wa Al Wukair na maneno yake matatu

Saa sita na robo mchana, bwalo la chakula la walinzi huko Al Wukair, Qatar, limeshajaa. Nje jua linaunguza hadi kitasa cha mlango hakishikiki. Ndani, foleni ya maji baridi imejipinda mpaka kwenye ngazi.

Mwanahamisi Mbaruku anaingia kimya, mfuko mweusi wa taka mkononi. Juu ya sare yake ya usafi amejifunga kiunoni shuka jeupe. Kwa nyuma, kwa herufi nyeusi zenye urefu wa shibiri, yameshonwa maneno matatu: HICHO CHA NGAPI?

Mlinzi mmoja, Gerishon, aliyekwisha kunyoosha mkono kuchukua kikombe cha plastiki, anaurudisha polepole.

"Wee Mwanahamisi, hiyo umeandikia mimi?"

"Nimemwandikia anayejijua, kaka," anajibu bila kugeuka.

"Basi amejijua, hicho ni cha nne," anadakia jirani yake, na meza nzima inaangua kicheko.

Bwalo hili la kampuni ya ulinzi linalisha walinzi mia tatu na themanini, karibu wote Wakenya, Waganda na Watanzania. Kwa miaka minne Mwanahamisi amezoa vikombe vyao. Ilikuwa mifuko kumi na mmoja kwa siku, mbali na vile vilivyopeperushwa na upepo hadi mchangani nyuma ya jengo.

"Mtu anapiga mafunda mawili, anatupa," anasema. "Akimaliza wali, anachukua kingine. Maji yenyewe yametolewa baharini, yakachujwa chumvi kwa gharama. Sisi tunayanywea kwenye taka."

Ana miaka ishirini na saba na elimu yake ni darasa la saba, Muheza, mkoani Tanga. Analipwa riyali 1,200 kwa mwezi. Zaidi ya nusu huenda kwa mama yake anayemlelea binti. Mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi huu, na shuka lile linaweza kumkosesha mwingine.

Si kwamba ofisi ya kampuni ilikuwa haijasema kitu. Ukutani palikuwa na bango la kampuni: jani la kijani, dunia iliyoshikwa na viganja viwili, nembo tano na mistari kumi na tisa ya Kiingereza na Kiarabu, herufi za kijani kibichi juu ya kijani kilichopauka. Mwanahamisi alilitazama bango hilo wiki nzima, au tuseme aliwatazama waliopita mbele yake.

"Nilihesabu waliosimama kulisoma. Mmoja. Naye alikuwa anajitazama meno kwenye kioo cha bango."

Akaamua kuandika la kwake. Alichukua shuka kuukuu, akakata herufi kutoka kwenye suruali za walinzi zilizochakaa. Kitambaa kile kinene kilimfundisha kazi. Herufi nyembamba ilifumuka nyuzi, yenye mikia ilikunjamana. Iliyosimama wima, nene, ndiyo iliyokubali sindano.

Mpangilio aliutoa kwenye kanga, aliyoizoea tangu utotoni: pindo kuzunguka, mji, yaani uwanja wake, katikati, na jina, yaani msemo wake, kwa chini. Hapo ndipo alipokosea. Pindo alilitia maua mekundu ya kupendeza, akalitundika shuka juu ya mtambo wa maji baridi.

"Walisifu maua, wakachukua kikombe kingine," anasema, na hacheki. "Tena foleni ikijaa, vichwa vyao vinafunika maneno. Nikasema, Mwanahamisi, umepamba nyumba, mgeni hajui mlango uko wapi."

Akafumua maua yote. Mji akauacha mweupe mtupu. "Jina la kanga halisongwi. Likikosa nafasi, halisemi." Kisha akalihamishia shuka kwenye nguzo ya ukutani ambayo wa kwenye foleni huielekea wanaposubiri zamu. Siku ya tatu, watu wakaanza kuja na vikombe vyao kutoka vyumbani.

Siku ya tano likateremshwa. Amri ilikuwa fupi: hakuna tangazo ukutani bila muhuri wa ofisi.

Kesho yake mchana, Mwanahamisi aliingia bwaloni akiwa amejifunga tangazo kiunoni. Msimamizi alipomhoji, alimjibu kwa upole, "Bosi, mmekataza ukutani. Mimi si ukuta."

Kumbe amri ile ilimsaidia. Waliokaa mezani, macho yao yako sawa na kiuno chake. Wa kwenye foleni wanamwona anapowapita. Na tangazo linalotembea halizoeleki kama lililogandishwa mahali pamoja. Kwa hesabu yake, mifuko imeshuka hadi minne.

Peninah, Mkenya anayesimamia mazingira katika kampuni hiyo, ndiye aliyesanifu lile bango la jani. Hafichi kwamba alikasirika.

"Nimesomea usanifu miaka minne," anasema. "Akaja akaniuliza, 'Dada, hili ulilisoma umekaa ama umesimama?' Nikamwambia nimekaa, kwa kompyuta. Akasema, 'Wenzako wamesimama, na wana njaa.' Sikulala vizuri siku hiyo."

Sasa ofisi inayataka yale maneno matatu kwa mabwalo yake yote matano. Lakini inataka na jani lirudi, na nembo, na mistari tisa ya maelezo chini yake. Mwanahamisi amekataa. Jumapili ijayo ameitwa kwa meneja, aende na karatasi aliyopewa: asaini kukubali mabadiliko hayo na kuacha kuvaa shuka kazini, ndipo mkataba wake uzungumzwe.

"Nimemwambia asaini tu, tutapigania mengine polepole," anasema Peninah. "Ana mtoto."

"Mtoto ninaye, na ndiyo maana," anajibu Mwanahamisi. "Wakiyarundikia maneno yangu, yatakufa kama yale ya kwanza, ya kwenye maua, na mimi nitarudi kwenye mifuko kumi na mmoja nikiwa nimesaini mwenyewe."

Mpango wake anao kichwani. Kila bwalo liwe na shuka lake, kwa lugha ya wanaokula humo, lishonwe na mmoja wao anayejua kejeli ya kwao inauma wapi. Wakimnyima mkataba, ataenda kuanzia sokoni Muheza, kwenye mitaro iliyozibwa na chupa. Sindano, anasema, haihitaji viza.

Na Jumapili?

"Nitawaamkia kwa adabu. Nitawarudishia karatasi yao bila saini. Halafu nitageuka, niende kazini." Anavuta fundo la shuka kiunoni, likaze. "Kutoka kwenye meza ya meneja hadi mlangoni ni mbali. Watakuwa na muda wa kusoma."