Pua ya Gari na Kilima cha Teremusha

Kwa muda mrefu niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba huko Salamabila kulikuwa na gari ambalo injini yake ilivuta hewa baridi kiasi kwamba samaki wakiwekwa chini ya kapo lake, yaani kifuniko cha injini, walifika sokoni wameganda kama mawe. Sikuliona. Nilisimuliwa na mtu aliyesimuliwa, na huyo wa kwanza alikuwa mtu wa kusali. Nami nilipowasimulia wengine, samaki walikua: walikuwa kambare wenye kimo cha watoto wa darasa la kwanza, na ndevu zao zilijaa barafu. Hakuna aliyenipinga. Kwetu Kasongo, ukitaja tu Salamabila, watu wamekwisha kuamini nusu ya habari kabla hujaanza, kwa sababu mahali panapotoka dhahabu hapashindwi kutoa kitu kingine.

Tena nilikuwa na elimu ya kuniunga mkono. Nilisoma shule ya jioni nikiwa mtu mzima, magoti yangu yakiinua dawati la watoto kila nilipopumua. Mwalimu wa fizikia alitufundisha kwamba hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya moto, na injini ikila hewa nzito inachoma mazutu, yaani dizeli, vizuri zaidi. Hilo ni kweli mpaka leo. Mimi nikaiunganisha fizikia na wale kambare, nikapata imani kamili.

Gari langu lilikuwa pikapu la dizeli lenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Mchuuzi wa dhahabu aliyekuwa nalo kabla yangu alilipenda kuliko wake zake: aliliongezea springi, akalivika magurudumu marefu hata kuku wa mtaa walipita chini yake bila kuinama, akafungua bomba la moshi likanguruma kama ngurumo ya Machi. Lakini pua, yaani njia ya kuvutia hewa, aliiacha ileile ya kiwandani, na boksi la filtri lilikuwa limepasuka likafungwa kwa kamba ya baiskeli. Likitembea bila mzigo, lilikimbia. Ukilipakia, lilianza kukohoa kama mzee wa tumbaku.

Na mzigo wenyewe haukuwa wa mchezo. Dada yangu mkubwa, ambaye mimi humwita Yaya kama kila mtu wa kwetu anavyomwita aliyemtangulia kuzaliwa, alikuwa kiongozi wa akina mama wanaolima mpunga upande wa Lusangi. Mchele wao ulikwenda Salamabila kwenye machimbo, juu ya pikipiki, gunia moja moja, na nusu ya pikipiki hizo zilianguka njiani. Yaya akawashawishi wampe mdogo wake kazi hiyo. Safari ya kwanza nikafika kwenye kilima tunachokiita Teremusha, kabla ya Kabambare. Jina linajieleza: gari likifika pale linateremshwa mzigo, vijana wa mabega wanaupandisha mabegani, kisha gari linapanda tupu. Nasi tukateremsha. Mvua ikatukuta, mchele ukaloa, ukafika Salamabila umeanza kuota ukungu.

Akina mama hawakupiga kelele. Walikaa, wakazungumza kwa upole, na upole ule ndio uliotutisha. Walisema watatoa mzigo mmoja tu mwingine. Ukiteremshwa tena pale, watarudi kwenye pikipiki, na Yaya atamwachia mwingine kiti cha uongozi, maana yeye ndiye aliyeweka neno lake juu yangu. Yaya aliniletea habari hiyo nyumbani, akakaa, akanywa maji.

“Mudogo wangu,” akaniambia, “mimi sijui injini. Mimi najua tu kwamba gari yako haina pumzi. Tafuta pumzi.”

Nikaapa kwamba nitaitafuta hata ikiwa imefichwa chini ya Mto Lualaba. Ndivyo nilivyoanza kuchagua pua.

Usidhani ni kazi ndogo. Nimeona watu wakichagua mke kwa haraka zaidi. Fundi wangu wa Kasongo, mtu mnene mwenye maneno mengi, ambaye tangu nimalize shule ya jioni hakuwahi tena kuniita kwa jina bali “Profesa”, alikuwa na wazo lake: bomba refu la chuma linalopanda kando ya kioo hadi juu ya paa, kama mkonga wa tembo. Alikuwa tayari ameweka kando mabomba ya moshi ya magari yaliyokufa. Faida yake niliiona: huko juu vumbi ni kidogo, na kwenye vivuko vya maji injini hainywi mto. Lakini bomba lake lilikuwa na kona nyingi za kuunganishwa kwa moto, na kila kiungo kikivuja baada ya filtri, vumbi linaingia moja kwa moja kwenye turbo na kuila kama mchwa.

Nikamwuliza viungo hivyo atavihakikisha vipi. Akasema kwa jina lake. Nikamwambia turbo haisomi majina.

“Profesa,” akasema, “mutu anapumua na nini? Na pua. Wewe unataka gari ipumue na vitabu.”

Njia ya pili ilikuwa kubaki na boksi la kiwandani na kununua lingine zima. Filtri yake ni ya karatasi, inakamata vumbi vizuri, na hilo nilimkubalia kila aliyelisema. Ila kwenye barabara yetu wakati wa kiangazi, lile vumbi jekundu huijaza karatasi mapema kiasi kwamba ukitoka Kasongo na filtri nyeupe, Kabambare unaingia na tofali. Tena mdomo wa boksi lile ni mwembamba. Injini iliyoongezewa mazutu na yule mchuuzi ilikuwa kama mtu mnene anayekula wali kwa mrija wa kalamu.

Njia ya tatu iliwasili kutoka Bukavu, ndani ya katoni yenye picha ya gari jekundu likiruka juu ya jangwa. Ilikuwa filtri ya pamba yenye umbo la pia, inayooshwa na kutumiwa tena, pamoja na bomba pana la alumini lenye kona moja tu. Moyo wangu ulikwenda kwake mara moja, lakini sikuufuata moyo. Nililitazama kapo likiwa wazi, injini ikiwaka, nikaweka mkono mahali ambapo filtri ingekaa. Palikuwa na joto la kuchemsha yai. Pua pana inayovuta hewa ya jikoni haina faida. Ingekuwa sawa na kumpa mkimbiaji blanketi.

Kwa hiyo nikachagua ile ya tatu kwa masharti yangu. Tulilikata debe la bati tukatengeneza kibanda kuizunguka filtri, ikatengwa na injini. Tukatoboa ukuta wa ndani juu ya gurudumu, upande usiorushiwa matope, hewa ikaingia kutoka nje. Kila kiungo tulikizungushia vipande vya mpira wa ndani wa tairi, tukakaza. Kisha tukapima jinsi mafundi wa kwetu wanavyopima: fundi aliwasha kishada cha nyasi mbichi, akakipitisha polepole kandokando ya viungo injini ikinguruma. Moshi ukivutwa mahali, hapo pana tundu. Ulivutwa mahali pamoja. Tukafungua, tukafunga upya, akapitisha tena. Moshi ukaenda zake mbinguni. Hata fundi akakubali, ila alisema mkonga wake ungekuwa mzuri zaidi kwa macho.

Likabaki jambo moja. Pamba ile, kwa mujibu wa katoni, lazima ipakwe mafuta ili inase vumbi. Mafuta yenyewe hayakuletwa. Ilikuwapo picha tu: chupa, na tone jekundu likianguka juu ya filtri.

Tulitazama lile tone, fundi na mimi. Lilikuwa jekundu la kukolea, lenye rangi ya chungwa pembeni. Tukatazamana. Mtu wa Maniema, mkoa wetu wa michikichi, akioneshwa mafuta mekundu, swali liko wapi? Nilijaa fahari. Wazungu wamezunguka dunia nzima, nikamwambia fundi, mwishowe wamefika kwenye mawese. Akasema yeye alijua siku moja watafika. Yaya alikuwa ametuletea chupa ya mawese yake mwenyewe kwa ajili ya jikoni; nikaichukua, nikaipaka filtri mpaka pamba ikang'aa kama shavu la bwana harusi.

Mchana ule tulilijaribu gari kwenye mwinuko wa mjini. Ndugu msomaji, lilipanda kama limeitwa na mama yake. Kofia ya fundi iliruka, na nasikia imeonekana mbali kule Kindu.

Tukapakia. Yaya akakaa mbele pamoja nami, kitambaa kimekazwa kichwani kama mtu anayekwenda kortini. Jioni tulifika chini ya Teremusha tukalala katika kijiji cha pale, kwa mpango wangu mwenyewe. Nilitaka kupanda alfajiri, saa ya baridi kuliko zote, kwa sababu baridi ndiyo chakula cha injini. Ilikuwa katikati ya kiangazi, wakati ambapo asubuhi ya vilima vile humfanya mbuzi atamani koti. Yaya alisema tungoje jua. Nikamweleza uzito wa hewa kwa kirefu. Akaniachia.

Tulianza vizuri. Kisha, hata kabla ya kona ya kwanza, gari likatoa moshi mweusi mzito, likapungua, likatetemeka. Nikakanyaga, likazidi kufa. Nikalirudisha nyuma polepole mpaka tambarare pale chini, nikaweka jiwe chini ya gurudumu.

Vijana wa mabega walikuwa wameshafika. Sijui walilala wapi. Nadhani kilima huwaamsha. Mmoja akamsalimia Yaya kwa heshima, akauliza waanze na gunia gani. Mwingine akasema gari hili lina sauti ya simba na mbavu za kuku. Tayari alikuwa ameshika kamba ya turubai.

Yaya akashuka. Akapanda juu ya mzigo, akaketi juu ya magunia, akazungusha khanga yake miguuni.

“Mutu hagusi,” akasema. “Wa kushusha mchele hii atanishusha mimi kwanza.”

Hakuna aliyemshusha. Mimi nikafungua kapo. Nikavua kibanda cha bati. Filtri niliyoipaka ikang'aa sasa ilikuwa imevaa ngozi nene ya rangi ya chungwa hafifu, imeganda kama sufuria la mchuzi wa jana. Nikaibonyeza, kidole kikaacha alama. Nikaupuliza upande mmoja kwa mdomo. Pumzi ilirudi usoni kwangu.

Nilijua palepale. Kila nyumba ya kwetu, wakati huo wa mwaka, chupa ya mawese huwekwa karibu na moto asubuhi, la sivyo hakuna kitakachomiminika. Mimi mwenyewe nimeipasha chupa hiyo tangu utoto. Lakini jikoni niliiacha jikoni na fizikia niliiacha darasani, hazikuwahi kukutana mpaka kwenye kilima kile.

Yaya aliitazama filtri kutoka juu ya magunia. “Ile ni mawese yangu?”

“Ni yenyewe, Yaya.”

“Imelala. Iamushe.”

Nikaenda kwenye nyumba ya karibu, ambako mama mmoja alikuwa anachemsha maji ya kupikia sombe, yale majani ya muhogo. Nilimwomba maji ya moto na sabuni, akanipa bila kuuliza, ila aliponiona naosha kipande cha gari ndani ya beseni lake aliita majirani. Niliosha, nikasuuza, nikarudia mpaka maji yakatoka bila wekundu. Niliikung'uta, nikaiweka juani, maana jua sasa lilikuwa limetoka, lile jua ambalo Yaya aliniomba tulingoje. Vijana wa mabega walikaa kando wakihesabu kwa macho kila gunia. Mmoja wao alinishauri niikaange kabisa.

Ilipokauka, niliipaka mafuta ya injini kidogo sana, kwa ncha ya kidole, yale mepesi yasiyolala. Nikairudisha, nikafunga kibanda, nikakaza mpira wa kila kiungo. Nikamwomba Yaya ashuke akae mbele. Akakataa. Alisema atapanda kilima akiwa juu ya mchele, ili ukishuka ashuke nao.

Nikatia gia. Moshi ulitoka mwepesi. Kona ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, kwenye ile mbaya yenye mfereji katikati magurudumu yalichimba nami nikasukuma usukani kwa kifua kana kwamba hilo linasaidia. Turbo ikapiga mluzi. Nyuma nilimsikia Yaya akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya kugombana. Tulifika juu. Hakuna hata punje moja iliyogusa ardhi ya Teremusha, na hapo siongezi chumvi.

Salamabila tulishusha mchele mkavu, Yaya akausimamia hadi gunia la mwisho. Kisha akaniambia niende nikapumzike, kwa sababu yeye ana salamu za kuwatumia akina mama wa Lusangi.

Sikupumzika. Niliuliza habari za gari lile la samaki. Nikaelekezwa kwa mwenyewe, dereva mwenye tumbo na miwani ya jua, aliyekuwa ameegemea gari lake akila karanga. Nikamsalimia kwa adabu, nikamwita mukubwa, nikamsimulia habari niliyoibeba miaka yote, pamoja na ndevu za kambare. Alitafuna mpaka nikamaliza. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akanionesha sanduku jeupe la plastiki lenye kifuniko, linalonuka samaki.

“Barafu tulinunua kwa mutu mwenye friza,” akasema. “Tuliweka humu, pamoja na samaki. Chini ya kapo iko moto, ndugu. Samaki ingeiva.”