Kostime Mbele ya Tanuru

Umeme ukikatika Kamalondo, na hukatika bila kumwomba mtu ruhusa, mafundi cherehani hutoa pasi za makaa. Hapo ndipo ninapokamatwa. Napita zangu na kikapu cha soko, harufu ya sufu iliyoloweshwa na kupashwa moto inanifikia, na miguu inakataa kuendelea. Fundi wa pale kona ameshanizoea. Huniuliza, "Mama, iko nguo ya kupiga pasi?" Namjibu kwamba ninanusa tu. Anadhani nina kichaa kidogo, nami simlaumu.

Ile ni harufu ya kostime ya Baba, suti yake ya sufu.

Mnajua kostime ni nini kwetu Lubumbashi. Mwanaume anaweza kukosa kitanda, kostime hakosi. Ya Baba ilikuwa ya kahawia, aliyofungia ndoa, na ilikaa sandukuni pamoja na vidonge vya naftalini. Ilitoka kwa ajili ya harusi za watu na komunyo ya kwanza ya watoto, kisha ikarudi kulala. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa hata kwa kidole safi.

Siku nyingine zote Baba alivaa matambara. Alifanya kazi fonderi, kiwanda cha kuyeyusha vyuma vikuukuu, na kazi yake ilikuwa kumimina chuma cha moto kwenye kalibu. Cheche zilimtobolea mashati yote, mpaka Mama akawa anasema ameolewa na chujio. Miguuni alivaa kandambili za matairi. Alikuwa pia delege wa sendika, chama cha wafanyakazi, yaani wenzake walimchagua awasemee mbele ya wakubwa. Alijivunia kazi hiyo kuliko ile ya mshahara. Alituambia kwamba utotoni mwa baba yake, chini ya Wabelgiji, mtu mweusi hakuruhusiwa kuwa na sendika, kwa hiyo sisi tulio nayo tusiifanye pambo.

Walichodai hakikuwa kikubwa: buti, glavu, na tabliye ya ngozi ya kukinga kifua. Kila mara wakubwa walijibu kwa adabu kwamba vitu viko njiani. Vikiwa bado njiani, chuma kilimmwagikia Papa Kasongo, jirani yetu, kijana aliyekuwa ameoa juzijuzi tu. Alikufa. Mama ndiye aliyepiga pasi kostime aliyozikwa nayo, kwa sababu mkewe kila alipoishika pasi aliiweka chini.

Jumapili baada ya mazishi, wanaume wa fonderi walikuja kwetu kula bukari, ugali wetu. Mimi nilikuwa nikipitisha maji ya kunawa, basi nikasikia. Walijua kwamba atakayegoma atafukuzwa, na delege ndiye atakayetangulia. Wengine walitaka kunyamaza. Baba akatikisa kichwa.

"Hatutafanya greve," alisema. "Tutaenda ku kazi siye bote. Lakini tutavaa kostime."

 Kisha Papa Saidi, Mwislamu wa Maniema na rafiki mkubwa wa Baba, akasema kwa sauti ya chini, "Miye sina kostime. Nitavaa kanzu. Ile nyeupe."

Hakuna aliyecheka. Nilishangaa, maana Papa Saidi alikuwa mchekeshaji wa mtaa mzima, na kanzu nyeupe mbele ya tanuru ilitosha kutuvunja mbavu. Walipoondoka, Mama alisimama mlangoni mikono kiunoni, akamwita Baba kwa jina langu.

"Baba Vero, bakikufukuza, tutakula nini? Tutakula kostime?"

Baba akainama kufungua sanduku. Mama akamtazama weee, halafu akaenda kuwasha makaa. "Leta basi, nipige pasi."

Siku zote Mama akipiga pasi aliimba nyimbo za kanisani. Siku hiyo hakuimba.

Asubuhi mtaa ulijaa mabwana. Tai, viatu vilivyong'aa, manukato ya kukufanya upige chafya, na katikati yao Papa Saidi na kanzu yake nyeupe, iliyotiwa buluu ipate kung'aa. Moyo wangu ulikuwa unaruka. Kwangu mimi hiyo ilikuwa harusi, tena harusi ya wakubwa, na ubaya wake ni kwamba sikualikwa. Nikakimbia nyuma yao nikipiga vigelegele. Mama alinifikia kwa hatua kubwa akaniziba mdomo kwa kiganja kilichonuka makaa. Wanaume hawakugeuka.

Mama alishinda kizingitini. Hakupika, hakusuka nywele, hakujibu salamu. Mimi nami nilingoja, lakini kwa sababu yangu: nilingoja keki. Baba aliporudi jioni nilimpekua mifuko yote ya koti. Nilipata kitambaa kilicholowa jasho, basi.

Papa Saidi ndiye aliyesimulia. Walisimama mbele ya tanuru wakingoja amri, na msimamizi hakuthubutu kuitoa. Mkurugenzi akatoka, akawatazama, akauliza leo wanasherehekea fete gani.

"Patron, haiko fete," Baba alimjibu. "Tulijivalisha siye benyewe, juu bibi zetu basipate tena ile kazi."

Mkurugenzi aliitazama kanzu ya Papa Saidi kwa muda mrefu, akarudi ofisini. Mpaka jioni hakuna chuma kilichomiminwa. Mimi niliposikia nilicheka sana. Niliona Baba amewatania wanawake wanaowavalisha waume zao kama watoto.

Buti zilifika kabla ya mvua, na glavu, na tabliye. Baba hakufukuzwa, ila hakupandishwa cheo tena mpaka alipostaafu. Kostime ilirudi sandukuni.

Baba amekufa mwaka huu, kitandani mwake, mzee wa kusahau majina ya wajukuu. Nilitoa pasi ya Mama, nikalowesha kitambaa, na moshi wa sufu uliponipanda usoni nikaelewa. Niliona mikono ya Mama ikinyoosha koti hilihili kwa ajili ya mume aliye hai. Niliiona ile kanzu, nyeupe kama sanda. Hawakuwa wamevaa kwa harusi. Walikuwa wamejivalisha kwa kaburi, wamwonyeshe mkurugenzi kazi ya chuma chake, na walichodai ni kwamba nguo hizo zingoje.

Ya Baba imengoja. Tulipomvalisha ilimpwaya mabegani, na ilinibidi niikunje mgongoni kwa pini. Walipomwinua nililia, halafu, sijui nilitoa wapi ujasiri, nikapiga vigelegele. Watu waligeuka. Mama alikuwa ameketi karibu yangu, na safari hii hakuniziba mdomo.